Mwongozo wa Kuvua Samaki Asiyetosha Kitoweo

Kama unatafuta samaki wa kulisha wageni wanne na mchuzi ubaki, funga ukurasa huu uwahi sokoni Feri kabla mnada haujaisha. Mwongozo huu ni wa mtu aliye tayari kusimama juu ya mwamba tangu alfajiri hadi adhuhuri, upepo ukimvuma masikioni, kwa ajili ya samaki asiyeujaza mkono. Atamvua, atamtazama, atamrudisha majini, kisha atatia chambo kingine. Watu watamuuliza faida ni nini. Faida ipo na nitaieleza, ila kwanza tukubaliane sharti moja: mimi na wewe hatutalitamka neno "kilo" mpaka somo liishe.

Samaki huyo anaitwa rase. Ni jamaa wa pono, tena wa karibu kiasi kwamba wataalamu wengi leo huwaweka wote katika ukoo mmoja wa Labridae, wenye spishi zaidi ya 500. Pwani yetu ya Afrika Mashariki inao tele. Yupo yule msafishaji mdogo wa buluu mwenye mstari mweusi, Labroides dimidiatus, anayeingia kinywani mwa chewa kumtoa vimelea na kutoka salama. Yupo pia Cheilinus undulatus mwenye nundu kichwani, anayeweza kupita urefu wa mita mbili. Lakini ufundi ninaoufundisha hapa, wa kumfuata rase mdogo kwa zana ndogo kutoka nchi kavu, umekomaa kwingine: kwenye miamba ya kusini-magharibi mwa Uingereza, huko Devon, Cornwall na Dorset, ninakoishi na kuvua. Mbinu zake zilitoka Japani, kwa wavuvi wanaofuata samaki wadogo bandarini kwa fimbo nyembamba na chambo cha gramu moja au mbili. Waingereza wakazichukua, wakazipeleka mwambani, na huko wakawakuta samaki ambao wavuvi wa zamani waliwaita wezi wa chambo tu. Sisi tunakwenda kuwavua wezi wenyewe, kwa makusudi na kwa heshima zote.

Utakutana na wa aina tano. Balani, Labrus bergylta, ndiye mkubwa wao: midomo minene, mwili wa kijani, kahawia au mwekundu uliojaa madoa. Anaweza kufika nusu mita na kuishi karibu miaka 30, lakini kwa zana zetu utapata zaidi vijana wake. Kakuu, Labrus mixtus, dume lake ni buluu na machungwa kwa pamoja, na ukimwona mara ya kwanza utadhani ametoroka kwenye matumbawe ya Kisite. Kokwingi, Symphodus melops, ana doa la umbo la nusu mwezi nyuma ya jicho na jingine jeusi katikati ya shina la mkia. Goldisini, Ctenolabrus rupestris, ana rangi ya dhahabu iliyofifia na doa moja jeusi sehemu ya juu ya shina la mkia. Wa mwisho ni rokikuki, Centrolabrus exoletus, mwenye kinywa kidogo kuliko wenzake wote na ukanda mweusi kwenye pezi la mkia. Hawa wawili wa mwisho mara nyingi ni wa sentimita 10 au 12, na Waingereza wana orodha rasmi ya rekodi kwa ajili ya samaki wa namna hiyo, ambao hata wakizeeka hawafiki ratili moja. Nchi yenye orodha kama hiyo imenifurahisha tangu siku niliyoijua.

Zana: punguza, kisha punguza tena

Anza na fimbo. Mita mbili na kidogo zinatosha, na iwe imeandikwa kwamba inarusha uzito wa gramu 0.5 hadi 7. Mwenye duka atakuletea kwanza fimbo nene ya kuvutia mkunga. Mshukuru, mwambie unakwenda kuvua samaki wa gramu 30, kisha umngoje amalize kucheka. Baada ya hapo atakufungulia kabati la nyuma. Rili iwe ndogo, namba 1000 au 2000. Mshipi uwe wa kusukwa, wenye unene wa milimita 0.09, unaouzwa kwa alama ya Kijapani ya PE 0.3. Sisi tuliokulia kwenye mshipi wa mkono, nailoni iliyozungushiwa kijiti au chupa, tunapoushika uzi huo kwa mara ya kwanza hatuusikii kidoleni. Ndiyo maana unafaa. Haunyumbuki, kwa hiyo samaki akigusa chambo habari inafika mkononi papo hapo.

Ila uzi huo ukisuguana na mwamba haudumu, kwa hiyo mbele yake unga mita moja ya uzi mgumu usioonekana kwa urahisi majini, fluorokaboni, unene wa milimita 0.16 au 0.18. Chini ya hapo balani mmoja mwenye hasira atakukatia. Juu ya hapo rase wadogo watakaa kando wakikutazama.

Sasa ndoana. Wanaoanza huchanganyikiwa kwa sababu namba za ndoana huenda kinyume: kadiri namba inavyopanda, ndivyo ndoana inavyozidi kuwa ndogo. Nunua namba 12, 14 na 16. Ukiimwaga pakiti nzima ya namba 16 kiganjani, nafasi itabaki. Rokikuki hawezi kumeza kilicho kikubwa zaidi ya hapo, na usimlaumu, kwa kuwa kinywa ndicho alichopewa.

Kinachobaki ni mpangilio, na hapa nitakawia kidogo maana ndipo kazi yote ilipo. Mvuvi aliyezoea huweka chubwi juu na ndoana chini. Mwambani mpangilio huo unapeleka ndoana moja kwa moja kwenye ufa, na huko itabaki. Sisi tunageuza: chubwi chini, ndoana juu yake kwa sentimita 20 hadi 30. Chubwi linagusa mwamba, chambo kinaelea usawa wa macho ya samaki.

Fundo lake linaitwa Palomar. Kunja fluorokaboni iwe mbili, pitisha mkunjo katika tundu la ndoana, funga fundo la kawaida bila kulikaza, kisha pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi. Lilowanishe kwa mate, kwa sababu fundo likikazwa kavu linapata joto la msuguano na uzi unadhoofika hapo hapo. Vuta polepole mpaka uzi ukae. Hakikisha umeacha mkia mrefu. Mkia huo urudishe tena katika tundu la ndoana, ukiingilia upande ilikoelekea ncha, halafu uvute. Ndoana itajiinua yenyewe, itasimama mbali na uzi, ncha ikitazama juu. Isiposimama, kata urudie. Najua watu hodari kazini mwao, wanaoendesha korongo za bandari na kupasua mioyo ya watu, ambao wamekaa jiweni wakipambana na hatua hii ya mwisho huku bamvua likipanda. Ifanyie mazoezi nyumbani, mezani, taa ikiwa imewaka.

Mwishoni mwa mkia funga chubwi la gramu 3 hadi 7, tena kwa fundo dhaifu. Mwamba utadai kodi yake. Fundo likiwa dhaifu utalipa chubwi tu na ndoana utarudi nayo. Na kwa kuwa mara nyingi kitakachobaki chini ni hicho, usitumie risasi ikiwa unaweza kuiepuka. Risasi ni sumu. Chubwi la chuma au la tangsteni linafanya kazi ile ile, na wenyeji wengi hufunga nati kuukuu.

Pa kusimama

Kosa kubwa la wageni ni kurusha mbali. Mtu anafika, anaona bahari pana, anajipinda, anatupa chambo chake mita 70 mbele, anakaa kusubiri. Amewaruka samaki wote. Rase hakai baharini kwa maana hiyo. Anakaa mwambani, kwenye nyufa, chini ya pazia la mwani, ubavuni mwa ukuta wa mawe. Goldisini dume hulinda himaya ya mita chache tu za mraba, na anaijua kila tundu lake. Kwa hiyo chambo chako kishushe miguuni pako. Shusha, pima kina, sogea hatua mbili, shusha tena. Mvuvi hodari wa rase ukimtazama kwa mbali utadhani amedondosha funguo.

Mahali pazuri pa kuanzia ni ukuta wa kuzuia mawimbi wa Brixham, Devon, ambapo unatembea juu ya njia tambarare na chini yako kuna mawe makubwa yaliyopangwa ovyo, kila pengo likiwa nyumba ya mtu. Mount Batten, pale Plymouth, nako ni hivyo hivyo. Kwa kuvua kwa fimbo baharini Uingereza haidai leseni, tofauti na mitoni, lakini soma mabango ya kila bandari maana baadhi ya kuta zina masharti yao. Ukishazoea ndipo uende kwenye miamba halisi, kule Portland au kwenye pembe za Cornwall.

Na ukienda huko, jifunze maji. Mtoto wa pwani yetu anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma, na elimu hiyo inasafiri nawe bila viza. Plymouth, bamvua hupandisha na kushusha maji karibu mita 5. Uzuri ni kwamba pale, siku za bamvua, maji hupwa kabisa karibu na adhuhuri. Basi nenda saa hiyo bila fimbo. Tembea sehemu ambayo baada ya saa sita za kujaa itakuwa imefunikwa kabisa, uone kwa macho yako mabonde, mapango na vichaka vya mwani. Piga picha. Kesho utakaposimama juu, utakuwa unavua ukumbini kwa mtu uliyemtembelea jana.

Maji mita 5 maana yake pia ni kwamba mwamba uliousimamia saa nne asubuhi unaweza kuwa kisiwa saa nane mchana, na baadaye usionekane kabisa. Hili silisemi kwa utani. Kabla ya kushuka mwambani, simama juu robo saa nzima uyatazame mawimbi, kwa sababu makubwa huja kwa makundi na huenda ukawasili katikati ya utulivu. Jua njia yako ya kutokea na saa ambayo njia hiyo itafungwa. Vaa jaketi la kujiokolea na viatu vinavyoshika. Ule mwani mwembamba wa kijani hauhitaji mvua kukuangusha. Usiende peke yako. Likitokea la kutokea, piga 999 uombe walinzi wa pwani, nao watawaita watu wa RNLI, shirika la mashua za uokoaji lililoanzishwa mwaka 1824 ambalo mabaharia wake wengi ni wa kujitolea. Wanaacha chakula mezani kuja kukutoa. Samaki wa sentimita 11 anastahili mambo mengi, lakini hilo la kuwatoa watu mezani halimo.

Chambo na mguso

Chambo bora ni mnyoo wa baharini, kipande kisichozidi urefu wa punje mbili za mchele, kikivishwa ndoana na ncha ikabaki nje kidogo. Kipande kikubwa kinakutia hasara: rase atakishika mkiani, atavuta, ataondoka nacho, nawe utabaki na ndoana safi. Vipande vya kamba na vya kome vinafaa pia. Kuna minyoo bandia ya Kijapani, Isome, yenye faida ya kutofia mfukoni, na mvuvi anayeishi na watu wengine kwenye nyumba yenye jokofu moja ataelewa thamani yake bila mimi kueleza zaidi.

Chambo kikigusa mwamba, tulia. Usikivute, usikitikise kwa fujo. Kaza uzi kidogo tu hadi ulisikie chubwi, halafu ngoja.

Kwanza unasikia tk. Kama si kitu. Huyo ni goldisini amekuja kuonja. Kisha tk-tk. Mkono unataka kunyanyua, ukataze. Rase ana meno ya aina mbili ya kustaajabisha: ya mbele, yaliyochongoka nje ya midomo kwa kubandua chaza na konokono, na mengine ndani kabisa ya koo, ya kusagia magamba. Chambo anakishika kwa yale ya mbele, anakitema, anakivuta tena, na mpaka kifike kwenye yale ya koo huna samaki. Halafu inakuja tr-r-r-r, ncha ya fimbo inapiga magoti, na hapo ndipo unyanyue, kwa kifundo cha mkono tu, si kwa bega. Anakwenda moja kwa moja shimoni kwake. Una sekunde moja ya kumzuia. Akishaingia anatanua mapezi yenye miiba na kujikaza ukutani, na wewe na fimbo yako ya gramu 7 hamna la kumfanya. Ikitokea hivyo, legeza uzi kabisa, hesabu hadi thelathini, umwache asahau. Mara nyingi anatoka mwenyewe kuja kutazama kelele ilikuwa ya nini, na ukikaza wakati huo huo unampata.

Wote hawa huvuliwa mchana. Jua likizama rase anaingia ufani na kulala usingizi wa pono, maana ni ndugu, na hata umpitishie karamu mbele ya mlango hatoki. Kwa hiyo nenda nyumbani ukalale nawe.

Mjomba na gramu 30

Mjomba wangu ni mvuvi wa mshipi kule Tanga na nikitoka mwambani humpigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Baridi inasemaje?"

"Leo haijambo. Nimetoka kuvua."

"Alhamdulillahi. Kilo ngapi?"

Mjomba hakuwepo tulipowekeana lile sharti letu.

"Huyu mkubwa ni sentimita 15, mjomba."

Kimya. Nilisikia jogoo wake.

"Na umempikaje?"

"Nimemrudisha."

"Umemrudisha kwa nani?"

"Baharini."

"Mpwa wangu," akasema taratibu, "hela ya matumizi unayo?"

Nikamweleza. Nikamwambia juu ya uzi wa milimita 0.09, ndoana namba 16, chubwi linalokaa chini ya ndoana. Hapo sauti ikabadilika. Akataka kujua uzi huo ukigusa mwamba hufanya nini. Akauliza mguso wake ni wa kuvuta au wa kugonga, kama samaki anakula maji yakijaa au yakipwa, na kwa nini nisitie ndoana mbili. Tuliongea mpaka salio likaisha. Hakuniuliza tena alikuwa na uzito gani. Mvuvi yeyote wa kweli, umpe samaki mgumu kumdanganya, atakwambia mwenyewe kwamba ukubwa ni jambo la mpishi.

Mtazame kabla hujamwachia

Ukimpata, lowesha mikono kwanza. Mkono mkavu unaubandua ute unaomkinga na maradhi. Ndoana iwe imebanwa kile kijino chake cha nyuma kwa koleo kabla hujaanza kuvua, ili itoke kwa kusukumwa tu. Tia maji ya bahari kwenye kopo la plastiki lenye kuona ndani, umweke humo, na sasa mtazame, maana hiki ndicho ulichokijia.

Kama ni kokwingi dume wa mwezi Mei, uso wake ni kanga mpya: mistari ya buluu-kijani inayopindapinda juu ya wekundu wa matofali, haikurudiwa sawasawa kwa samaki mwingine yeyote. Hapo alipotoka ana kazi. Dume la kokwingi hujenga kiota kwa mwani kwenye ufa wa mwamba, akikokota majani kwa kinywa na kuyashindilia, halafu hukaa kuyalinda mayai na kuyapepea maji safi. Kuna madume wengine wadogo ambao hawajengi chochote. Hao wana sura na rangi ya majike, huingia kiotani kama majike, na wakiwa humo hufanya yao. Balani naye ana habari nyingine kabisa: wote huzaliwa majike, na baadhi yao, baada ya miaka, hugeuka madume. Yule balani mzee mwenye midomo minene uliyemwita babu, kwa muda mrefu wa maisha yake alikuwa bibi.

Kwa sababu ya viota, kati ya Aprili na Julai ukimpata dume mwenye rangi kali mwachie papo hapo alipotoka, bila picha wala kopo. Kila dakika anayokaa kwako mayai yako wazi kwa majirani, na majirani wake ni rase.

Tena usidhani unashughulika na kiumbe mjinga. Mwaka 2019 watafiti wa Japani wakiongozwa na Masanori Kohda walichapisha utafiti kuhusu yule msafishaji wetu wa matumbawe, Labroides dimidiatus. Walimtia alama kooni, mahali ambapo hawezi kupaona bila kioo, wakamwekea kioo. Alijitazama, kisha akaenda kujisugua koo kwenye sakafu. Wataalamu bado wanabishana jaribio hilo lina maana gani. Mimi nilipolisoma nilianza kukaa mbali na ukingo ninapovua maji maangavu, ili kivuli changu kisinitangulie, na mguso uliongezeka.

Kwa nini arudi majini

Nyama yake ni laini na ina miiba mingi, na Waingereza wengi hawamli. Kwa miaka na miaka hilo lilimwokoa. Halafu yakaja mashamba ya samoni. Samoni wakifungwa kwa maelfu katika vizimba hushambuliwa na chawa wa baharini, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Wanorwe waligundua kwamba rase wadogo, goldisini, kokwingi na rokikuki, huwala chawa hao moja kwa moja kutoka mwilini mwa samoni. Ni kazi wanayoifanya kwa hiari baharini. Vizimbani wanaifanya bila hiari. Norwe ilifikia kutumia mamilioni yao kila mwaka. Katikati ya miaka ya 2010 wanunuzi kutoka mashamba ya Scotland wakaja kusini-magharibi mwa Uingereza, na samaki aliyekuwa hana bei akaanza kusafirishwa hai kwa malori ya matangi, akivuka nchi nzima kwenda kula chawa. Harudi.

Nalichukia jambo hili waziwazi. Samaki anayekaa maisha yake yote kwenye mita chache za mwamba, anayekua polepole na kulinda kiota chake mwenyewe, hana ziada ya kutoa. Ukimwondoa dume kiotani umeondoa na watoto. Mamlaka za uvuvi za mwambao ziliweka mipaka: ukubwa wa chini na wa juu wa rase anayeruhusiwa kuchukuliwa, idadi ya madema, miezi ya kufunga. Ule ukubwa wa juu ni wa busara, kwa sababu unawaacha balani wakubwa ambao ndio madume ya ukoo. Mvuvi wa fimbo ana nafasi yake hapa. Sisi tunashuka pale pale mwaka baada ya mwaka na tunajua ufa upi ulikuwa na nani. Andika kwenye daftari: tarehe, mahali, aina, urefu, hali ya maji. Ufa ukinyamaza misimu miwili mfululizo, mpe taarifa anayehusika, kwa tarehe na kwa namba.

Kumwachia nako kuna njia yake. Usimtupe kutoka juu ya ukuta. Tumia neti ndogo yenye kamba, au shuka mpaka majini kama pana usalama, umweke mkononi chini ya maji akiwa ameelekea mwambani. Atatulia kidogo, matamvua yakifanya kazi, kisha utahisi kiganja kitupu. Aliyevutwa kutoka maji ya kina kirefu huweza kupanda na kibofu cha hewa kilichovimba, akashindwa kuzama. Ndiyo maana tunavua maji ya mita 3 au 4 na kumpandisha bila pupa. Kabla ya kuondoka okota kila kipande cha nailoni, na cha mwenzako pia.

Novemba maji yakipoa, rase hushuka kina na mguso unakatika. Usimfuate huko. Kipindi hicho ni cha kufunga ndoana, kubana vijino vyake kwa koleo, kulainisha rili kwa mafuta na kusoma lile daftari. Mtu asiyeweza kukaa nyumbani anaweza kwenda bandarini usiku na taa ya kichwani, akavua wale wadogo wengine wanaokaa chini ya gati hata Januari. Mwezi wa Aprili unapoelekea mwisho, chukua kipimajoto, kifunge kwenye mshipi, ukishushe ufani. Kikisoma nyuzi 11, anza na kipande kidogo cha mnyoo, ndoana namba 16, upande wa mwamba unaopigwa na jua la asubuhi.